Nimemwosha Mama Yake Faraji

Bi Rehema,

Assalaam alaykum huko uliko. Ni mimi Mwanaidi, yule fundi cherehani uliyemwondoa barazani kwa nguvu, ukamwambia kwamba mikono inayoweza kushona sanda inaweza pia kumwosha wa kuivaa. Huu ni mwezi wa saba tangu nikuoshe wewe. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la kusema ila kulia, na kulia unajua hukukupenda. Leo nina neno. Siwezi kumwambia mtu yeyote aliye hai, na wewe ndiye uliyenifundisha kwa nini siwezi, basi itabidi ulisikilize wewe.

Hapa Voi ni vile vile. Jua lile lile, vumbi lile lile, maji yanatoka siku mbili kwa wiki yakipenda. Juzi tuliosha maiti kwa madebe manne tu, tena ya kununua kwa mkokoteni, nikakumbuka ulivyokuwa ukigombana na kamati ya msikiti juu ya tangi. Ndovu wameshuka tena Sagalla, wamekula shamba la watu mpaka mabua. Paka wako amehamia kwangu na ananiringia kama yeye ndiye mwenye nyumba. Wanawake wakifa sasa naitwa mimi, na nikifika mlangoni bado watu huchungulia nyuma yangu, labda wewe uko njiani unakuja. Inaniuma kila mara.

Lakini sikuketi kuandika habari za paka. Nataka kukueleza habari za Faraji.

Usiniambie niseme Daktari Faraji. Kwangu mimi udaktari wake ulikwisha zamani. Mwaka mzima, Bi Rehema! Mwaka mzima nilikushika mkono tukaenda kliniki yake ile karibu na stesheni, ukamwambia unaona damu chooni, ukamwambia tumbo linasokota, ukamwambia choo kimekuwa chembamba. Na kila mara anaandika bawasiri. Anakupa dawa ya kupaka, anakupa vidonge vya kuongeza damu, anakwambia ule papai na unywe maji mengi. Maji mengi, Voi hii! Mara tisa. Nimezihesabu kwenye kadi yako, bawasiri, bawasiri, mpaka mwandiko wenyewe umechoka. Hakukulaza kitandani hata siku moja. Hakukubonyeza tumbo. Kidole hakutia. Alikaa nyuma ya meza yake, macho kwenye kalamu, na maneno yake nayakumbuka kama ya jana: "Mama, wewe ni mtu mzima, umemwosha nyanya yangu. Siwezi kukuvunjia heshima."

Na wewe ukafurahi. Wallahi ulifurahi. Tulipotoka ukaniambia, "Mtoto yule amefunzwa na mamake." Wewe uliyeona miili ya wanawake wote wa mji huu, ya wanene na ya wembamba, wako hukutaka uonwe. Mficha uchi hazai, ulipenda sana kuwaambia wasichana, lakini siku zile tisa hakuna aliyeikumbuka methali hiyo. Yeye ndiye aliyesomeshwa kuikumbuka. Ndiyo kazi yake.

Ukaja ukaanguka katikati ya josho la watu, kata mkononi. Tukakupeleka Mombasa. Yule daktari wa upasuaji alikugusa tumbo mara moja tu, akaagiza upasuaji, nikajua. Mara moja tu, Bi Rehema. Walipokupasua walikata kile kivimbe cha utumbo, lakini kilikuwa kimeshatuma wenzake kwenye ini. Ulipoamka kitu cha kwanza ulichosema si maji. Ulisema, "Nyama yangu iko wapi? Sitaki kwenda kaburini nusu." Nikaenda nikaidai. Walinipa kwenye chupa, nikaileta Voi kwa basi nimeipakata chini ya leso, nikaivika kipande cha sanda, nikaizika makaburini pale mahali ulipotaka wewe uzikwe. Nilitoka pale nimeridhika. Nilidhani nimekufanyia jema, na labda nilikufanyia, lakini nilikuwa nimezika ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuja kujua hivyo baada ya arubaini yako, nilipomwendea Faraji na kadi mkononi. Sikumtukana. Nilimuuliza tu kwa nini. Akanitazama kwa ule upole wake, akasema ile kansa ilikuwa kali, hata angeijua siku ya kwanza, hata ungepelekwa Ulaya, ilikuwa imeshaandikwa. Nikamuuliza amejuaje kuwa ilikuwa kali. Akajibu, "Na wewe utajuaje haikuwa? Nyama mliizika wenyewe."

Ala! Nilirudi nyumbani. Na neno lenyewe hakuliacha kliniki. Kali. Alilisema kwenye harusi, akalisema kwa kinyozi, na mji mzima ukalimeza. Watu walikuwa wakija barazani kushonesha, wananiambia pole, ilikuwa kali ile, Mungu amependa. Na mimi nasema Mungu amependa. Lakini Mungu hakuandika bawasiri mara tisa.

Tangu siku ile nilitaka aumie. Nakwambia wazi kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Sikutaka aombe msamaha, msamaha ningeupeleka wapi? Nilitaka aumie mahali ambapo hapana dawa ya kupaka. Nilikuwa nikikanyaga cherehani kana kwamba nakanyaga shingo yake, na nguo za watu nikaziharibu.

Ndipo akaja Daktari Mueni. Ni mwanamke wa Kikamba, mwembamba, anatoka Nairobi, anazunguka mahospitali kutafuta vivimbe vya utumbo vilivyokwisha kukatwa. Alinikuta barazani akaniambia taratibu kwamba kule Mombasa hawakunipa nyama yote. Walibakisha kipande kama ukucha wa kidole kidogo, wakakigandisha kwenye nta, kama wanavyofanya kwa kila mtu. Nusura nimfukuze! Walinidanganya, na wewe umekwenda umepungua, hata kama ni ukucha tu. Halafu nikasikia moyo wangu unasema: kumbe hakikuzikwa chote.

Alitaka ruhusa na historia yako, ulianza lini, ulikufa lini. Nikamuuliza anataka kuona nini kwenye kipande hicho. Akachukua gauni la mteja lililokuwa mezani, akanieleza kwa Kiswahili chake cha Kikamba: "Mama, mwili iko na ramani moja ya hii nguo. Lakini seli zingine zikishona, zinaongeza kipande hapa katikati. Nguo inakuwa ingine." Hiyo nguo ndiyo protini, inakaa juu ya seli, seli hujishikiza nayo. Ziko namna nyingi za protini hiyo moja. Na yeye na wenzake wanashuku kwamba kivimbe chenye kile kipande cha kuongeza ndicho kinachohama haraka, kwenda kwenye ini, na mgonjwa wake hakai. Kisicho nacho hutembea polepole. Anakata nta nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anatia dawa, na kama kipande kipo rangi inakuja ya kahawia.

Nilimwelewa mara moja, Bi Rehema. Nikamwambia ruhusa nampa, lakini jibu nalitaka kwa maandishi. Hakupenda. Alisema utafiti wake unatazama watu wengi kwa pamoja, hautoi hukumu ya mmoja. Nikamwambia mimi nina mmoja tu.

Nikangoja. Mvua za vuli zikaja zikapita. Kila siku nikienda posta nilikuwa nasema moyoni: ikija kahawia, Faraji ameshinda, na mimi nitafunga mdomo. Isipokuja, basi ole wake. Sijawahi kuomba dua ya namna ile, kuomba maiti wangu awe alikufa bure. Nisamehe. Ndiyo dua niliyoiomba.

Barua ikaja. Haina rangi. Imeandikwa kwa Kiingereza, nikasomewa na mwalimu wa shule, nikamwambia asome tena. Kile kipande hakikuwepo. Katika vivimbe alivyokwisha kuvitazama, vya namna ya chako ndivyo ambavyo wenye kuwa navyo, wakikatwa mapema, wengi bado wako hai. Chini ameongeza kwa mkono wake kwamba nisiichukue kama ushahidi wa mahakamani, na kwamba hata wenye rangi pia hufaidika wakiwahiwa. Maneno ya watu waliosoma. Mimi nilichosikia ni kimoja: haikuwa kali. Nikapiga kigelegele peke yangu pale barazani, mpaka muuza mahamri akaja mbio akidhani nimeposwa. Halafu nikaingia ndani nikalia mpaka adhuhuri, maana ilikuwa na maana kwamba leo ungekuwa hapa ukinikosoa pindo.

Nikaandika mashtaka kwa ofisi ya afya ya wilaya, Wundanyi, nikaambatanisha kadi yako na nakala ya ile barua. Bahasha nikaifunga, ikabaki stempu tu. Nilikuwa nimekusudia pia kumsomea mbele ya watu, Ijumaa, nje ya msikiti, neno kwa neno, nione hilo "kali" lake atalitia wapi.

Jumatano, baada ya alfajiri, nikasikia hodi. Faraji mwenyewe, kikoi kimemkaa upande, macho mekundu. Mamake amefariki usingizini, kwenye chumba alichokuwa akiishi nyuma ya kliniki. Hakuna mwingine wa kumwosha mjini ila mimi.

Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nilijua naweza kusema nina homa, wangehangaika mpaka Mwatate au Taveta kumtafuta mwanamke, na maiti angechelewa kwenye joto hili. Raha ya kulifikiria tu ilinijaa kinywani. Halafu nikachukua kapu langu la mkunazi na karafuu maiti nikaenda. Usinisifu. Sikuenda kwa ajili yake, nilienda kwa sababu ungenitia aibu mpaka Kiyama.

Nikamwosha. Aliyenisaidia ni dadake Faraji, Zuena, amekishika kichwa cha mamake huku amefumba macho kwa machozi, na heri aliyafumba. Maana nilipotia mkono chini ya shuka nilikuta matambara. Matambara ya kanga kuukuu yamekunjwa vizuri, moja juu ya lingine, amejifunga nayo kama msichana, na yote yana damu, ya zamani na ya jana. Nikayatoa kimya kimya nikayafunika. Nikaja kwenye kukamua tumbo, vile ulivyonifundisha, polepole kutoka juu kushuka. Upande wa kushoto, chini, vidole vyangu vikagonga kitu. Bi Rehema, vidole vyangu vilikijua kabla mimi sijakijua. Pale pale pako. Kigumu vile vile.

Mamake daktari. Hatua ishirini kutoka kwenye meza yake. Alikuwa akijificha kwa mwanawe, na mwanawe hakumtazama. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, lakini pale aliyekuwa wa kuumbuliwa alikuwa nje kwenye jamvi, anapokea pole.

Nilimaliza kazi. Niliifanya vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya, maskini yule mama hakunikosea. Lakini ndani yangu nilikuwa nikicheka, na kicheko chenyewe kilinitisha. Nilikuwa nimekwenda na karatasi ya Nairobi kifuani, na Mungu akanipa silaha ambayo karatasi si kitu mbele yake.

Na silaha yenyewe umeifunga wewe. Siku ya kwanza uliyonipa ndoo uliniambia, "Mwosha ana mikono, hana mdomo. Ukiona zuri kwa maiti liseme, ukiona baya lizike naye." Uliniapisha. Wanawake wa Voi wanatukabidhi miili yao kwa sababu hiyo tu.

Basi nikanyamaza. Nikakaa matangani, nikamsikiliza Faraji anawaambia watu mamake hakuugua hata siku moja, ni presha tu, kifo chema. Watu wanaitikia kifo chema. Nilikuwa nauma leso.

Siku ya tatu, baada ya hitima, akaja barazani kwangu kutoa shukrani. Halafu akauliza kile wanachouliza wote: "Ulimwonaje mamangu?" Jibu unalijua. Uso wake ulikuwa na nuru. Nimewapa jibu hilo watu wote, hata wale ambao maiti wao alikuwa amenuna. Nikafungua kinywa nilitoe. Na ningelitoa, nakuapia. Lakini akawahi kuongeza, "Alhamdulillahi, yeye hakupata mateso kama ya Bi Rehema."

Jina lako, kinywani mwake.

Nikamwambia aingie ndani. Nikafunga mlango wa duka mchana kweupe, nikamwambia yote, kwa sauti ya chini ili iingie vizuri. Mamako alikuwa akivuja damu muda mrefu. Alikuwa akijifunga matambara. Alikuwa na kivimbe upande wa kushoto, nimekishika kwa mkono huu, ni kile kile. Akauliza, "Tangu lini?"

Hilo swali! Mwaka mzima ulimngoja akuulize hilo swali la maneno mawili. Nikamwambia, "Sijui. Mamako alikuwa mtu mzima. Hukutaka kumvunjia heshima."

Akakaa chini pale pale, kwenye vipande vya vitambaa. Nikamwekea barua ya Daktari Mueni mapajani, aisome kwa Kiingereza chake. Akaisoma. Sikumpa maji, Bi Rehema. Alilia kama mtoto, na mimi nikasimama mpaka akamaliza, halafu nikamfungulia mlango.

Nimevunja kiapo chako. Ningependa kukwambia nilikivunja kwa kumfikiria Zuena, kwa sababu Daktari Mueni alinidokezea kwamba maradhi haya wakati mwingine hutembea ndani ya ukoo. Itakuwa uongo. Zuena nilimfikiria baadaye, nikiwa nafagia. Nilisema kwa sababu nilitaka kumwona anaumia, na nilimwona. Kliniki ameifunga wiki mbili sasa. Amempeleka Zuena Mombasa akapimwe, majibu bado. Na usidhani nilimhurumia: ile bahasha ya Wundanyi niliitia stempu siku hiyo hiyo nikaiposti. Hakuna mwingine atakayelisikia la mamake kutoka kwangu. Siku tukikutana unihukumu wewe, nitanyoosha mikono.

Nilidhani baada ya hapo nitalala. Siku mbili nililala, utamu mtupu. Siku ya tatu nilikuwa napunguza buibui la mtu, nimeshika chaki, nikasimama katikati ya kazi. Kwa sababu buibui lako nililipunguza mara tatu mwaka ule. Mimi, kwa mikono hii. Uliniletea ukasema limepwaya, nikaweka pini, nikakata, nikashona, nikakwambia umerudi usichana. Ukacheka. Nilijua kiuno chako kwa inchi, Bi Rehema, nilijua kinakimbia, na sikukuuliza. Kule kliniki mimi ndiye niliyekaa kiti cha pili, mara zote tisa, nikanyamaza nikaita heshima. Faraji hakunyamaza peke yake. Hilo sikumwambia. Nakwambia wewe.

Simsamehi. Nimejaribu, kwa ajili yako, haiji. Na mimi mwenyewe nimejiweka kwenye foleni nyuma yake.

Pumzika, mwalimu wangu. Maiti nitaendelea kuwaosha na mdomo wangu nitaufunga, mara moja inatosha. Lakini nakuahidi hili: mwanamke akija barazani kwangu kupunguziwa nguo, sitashika mkasi kabla sijamuuliza anaumwa wapi, na tangu lini. Akinuna, anune.

Wako,
Mwanaidi